Maji ya Magome Machoni mwa Dorika

Mwezi wa saba mwaka 1952, upepo wa Njombe haukumhurumia mtu. Dorika, binti wa miaka minane, alitokwa na machozi tangu asubuhi mpaka jioni, na kope zake zilishikana kwa ukoko.

Mama yake, Tabea, hakupenda kulea tatizo. Kila asubuhi alimshika kichwa, akamsugua kope kwa sabuni ya mche mpaka mafuta yote yatoke. Machozi yakazidi.

"Haya maji lazima yakauke," alisema.

Mumewe, Kefa, alikuwa kibarua wa kubambua magome katika shamba la miti ya miwati. Huko wote walijua kwamba maji ya magome hukausha ngozi ya ng'ombe isioze. Tabea akachemsha magome, akayapoza maji yake, akamtia Dorika matone machoni.

"Mama, yanauma!"

"Dawa isiyouma ni chai. Tulia!"

Siku ya tatu Dorika hakuweza kufungua macho. Alipapasa ukuta akitafuta mlango. Tabea alimbeba mgongoni mpaka kwa Elieza, dresa aliyetibu wagonjwa kwenye zahanati.

"Kamwene, Mama Dorika," Elieza alisalimu, akimchunguza mtoto macho. "Umemtia nini?"

Tabea alisema yote, akatoa na chupa ya maji ya magome. Elieza alimwosha mtoto macho kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Kisha akavunja yai, akatia ute wake kikombeni.

"Chozi si maji matupu," alisema. "Lina protini, kama huu ute. Nyingine huua vijidudu. Haya, mimina maji yako."

Tabea akamimina. Ute ukaganda vibonge vibonge.

"Yesu wangu! Ndivyo nilivyofanya machoni mwa mwanangu?"

"Ndivyo." Elieza akadondosha mafuta ya karanga kwenye sahani ya maji. "Juu ya chozi kuna utando wa mafuta. Hutoka kwenye kingo za kope. Protini huyasaidia yatandae vizuri, nayo huzuia chozi lisikaushwe na upepo. Vinashirikiana."

Akagusa maji kwa kipande cha sabuni. Mafuta yakakimbilia ukingoni.

Tabea akashika kinywa. "Mimi niliyaona uchafu!"

"Uchafu gani? Hilo ni blanketi la jicho. Ukilivua, jicho hukauka na kuwasha. Likiwasha, linamwaga machozi mengi."

"Kumbe ukavu ndio ulikuwa unamliza?"

"Ndio. Na wewe ukaongeza ukavu."

"Atapofuka?"

"Bado sijui. Jicho limechubuka. Nitampaka marhamu kila siku. Nyumbani, weka kitambaa safi chenye uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, kisha futa taratibu. Sabuni hapana. Magome hapana. Moshi hapana. Na jicho likiuma, uje siku hiyohiyo."

Jioni Kefa alipoelezwa, alisimama kama mti. "Umemfanya mwanangu ngozi ya viatu?"

"Nimemfanya. Sasa lete kuni kavu zisizo na moshi, utanigombeza baadaye."

Asubuhi ya tisa, Tabea aliondoa kitambaa. Dorika alipepesa. Akapepesa tena. Akamkazia mama yake macho.

"Mama! Kumbe una mvi?"

Tabea akakaa sakafuni. "Ngapi?"

"Tatu."

"Hesabu vizuri," alisema, akimsogezea kichwa.