Wiki Tatu Bila Simu

Sikizeni hii, nyinyi mlioacha watoto nyumbani mkaja Saudia kutafuta, na nyinyi ambao mko nyumbani kabisa na bado watoto mmewaacha. Haifurahishi. Lakini afadhali uisikie kwa mtu mwingine kuliko ikupate wewe.

Kengele ya shaba iligongwa saa kumi na mbili kamili asubuhi, na vijana ishirini na wanne wakatoka vitandani mbio. Pauline alisimama mlangoni, shuka safi mkononi, akiwaangalia wakipanga foleni ya bafu. Maji baridi. Watoto wa matajiri wa Riyadh, baba zao wana magari mpaka hawajui wanaendesha gani leo, na wanaoga maji baridi bila kunung'unika. Ndio mila.

Shule yao ilikuwa tawi la shule nzee ya Uingereza, imejengwa nje ya mji kwenye mchanga mtupu, na kila kitu cha huko kilibebwa kikaletwa vile kilivyo. Koti na tai hata joto likifika arobaini na tano. Kipande cha nyasi mbele ya jengo ambacho ni viranja tu wanaruhusiwa kukanyaga. Mwalimu akiingia, wote wima. Hakuna kuitwa jina lako, ni jina la ukoo tu. Na kila wiki, barua ya nyumbani kwa mkono, kwa kalamu ya wino. Kule Uingereza barua ni Jumapili. Hapa waliisukuma ikawa Ijumaa baada ya swala.

Pauline alikuwa matroni wa bweni la wadogo. Kazi yake ilikuwa nguo, shuka, kucha, homa, na machozi. Alikuwa amekaa hapo miaka minne na aliipenda ile shule kuliko wenyewe. Kila shati alilishonea kitambaa kidogo cha jina kwenye kola. Aliona watoto wakiingia wameshikilia mguu wa mama, na kufika mwisho wa muhula wamenyooka, wanakuangalia machoni, wanasema asante. Akimpigia mume wake simu, alikuwa akimwambia, "Baba Ian, hapa ndio watu wanatengenezwa."

Mume wake, Elphas, alikuwa dereva wa familia moja Jeddah, analala mtaa wa Al-Mahjar na wanaume wengine wanne kutoka magharibi ya Kenya. Mtoto wao mmoja, Ian, miaka minane, alikuwa Kitale kwa Maryann, dada ya Pauline.

Sasa kuna mila moja iliyomwingia Pauline mpaka kwenye damu. Mtoto mpya hapigiwi simu wiki tatu. Mama akipiga analia, mtoto akisikia analia zaidi, na hatulii kamwe. Wiki tatu, halas, basi, amezoea.

Na kulikuwa na ile ya kukojoa kitandani. Watoto wapya wengi hukojoa, ni woga na upweke. Pauline alikuwa akitoa shuka kimyakimya kabla ya kengele, ili wengine wasione. Jioni saa kumi na moja hakuna maji tena mpaka asubuhi. Na mtoto akilowesha siku ya tatu mfululizo, anampeleka kwa sista Ivy, nesi wa shule, Mkenya mwenzake, mtoto anakojoa kwenye kikopo, Ivy anachovya karatasi, anaangalia rangi, anasema sawa, mrudishe. Hiyo ya mwisho Pauline alikuwa akiifanya bila kufikiria, vile wewe unafunga mlango ukitoka. Wekeni hiyo akilini.

Januari Pauline akaamua Ian naye atengenezwe. Akamtafutia shule ya bweni karibu na Webuye. Ilikuwa na tai, ilikuwa na kengele, ilikuwa na motto ya Kilatini kwenye geti, na hiyo ikamtosha. Maryann alimwambia mtoto bado ni mdogo, bado analala na taa. Pauline akasema ndio maana. Akamshonea vitambaa vya jina huko Riyadh, akavituma na mtu. Akamwagiza Ian aandike barua kila Jumapili. Na akampigia mwalimu wa bweni, kijana anaitwa Zablon, akamwambia asimpe Ian simu wiki tatu hata akilia vipi.

Wiki ya tatu, Pauline akiwa anapiga pasi makoti, Zablon akapiga mwenyewe. Ian alikuwa anakojoa kitandani kila siku. Wenzake walikuwa wamempa jina baya. Zablon alikuwa peke yake na watoto themanini na hakujua afanye nini.

Pauline alicheka kidogo. Hii aliijua kuliko mtu yeyote. Alimwambia hiyo ni kukumbuka nyumbani tu, asichapwe, asiulizwe, na maji yakatwe saa kumi na moja jioni. Zablon alishukuru sana. Mzazi anayeishi na Wazungu, atakuwa anajua.

Msimlaumu sana Zablon. Alifanya vile aliambiwa.

Februari shule ya Riyadh ilifungwa siku nne za mapumziko. Pauline akapanda basi mpaka Jeddah kumwona mume wake. Bosi wa Elphas alimpa nusu siku. Wakatembea kutoka mtaa wa Al-Baghdadiyah mpaka ufuoni, wakakaa kwenye sementi na chai ya maziwa, na Pauline alikuwa anamwigizia vile mtoto mpya husimamishwa juu ya meza ya chakula aimbe, na asipoimba anamwagiwa uji. Elphas alikuwa anacheka mpaka chai inamwagika. Hivyo ndivyo walikuwa simu ilipolia.

Ni Zablon tena. Alisema Ian amekuwa shida. Asubuhi hiyo wapishi walikuwa wamempata nyuma ya jikoni ameinamia beseni, anakunywa maji waliyooshea vyombo.

Pauline aliona aibu mpaka akainama. Elphas hakuona aibu. Alichukua simu akasema apewe mtoto wake. Walingoja. Sauti ilipokuja ilikuwa ndogo, kama imetoka mbali kuliko Webuye.

"Baba, mwambie mama waniachilie maji."

"Unaumwa, Ian?"

"Sijui. Nina kiu tu. Suruali yangu inaanguka."

Elphas alimgeukia mke wake. "Mama Ian, huyu mtoto ni mgonjwa. Maryann aende amchukue leo."

"Hao wote husema hivyo," Pauline akasema. "Nimelea mia moja. Ukimtoa sasa umemharibu."

Akachukua simu. Na aliyosema hapo, mpaka leo hawezi kukaa kwenye chumba kimya bila kuyasikia. Alisema, "Ian, wewe ni mwanaume. Vijana wa huku ni wadogo kukuliko na hawaombi-ombi. Jikaze."

Ian akasema sawa, mama.

Elphas alinyamaza. Alikuwa amefika darasa la sita tu, na mke wake ndiye alikuwa anafanya kazi na watu waliosoma. Akafikiri labda anajua. Ndugu zangu, huo unyamavu nao uhesabiwe.

Pauline alirudi Riyadh. Siku mbili baadaye, mtoto mmoja mpya, Fahad, akalowesha kitanda asubuhi ya tatu. Pauline akamshika mkono, akampeleka kwa sista Ivy kama kawaida. Wakati Ivy anachovya karatasi yake, Pauline akaanza kumchekesha na habari za Ian: anakojoa wiki ya sita sasa, anakunywa mpaka maji ya vyombo, amekonda suruali haikai.

Ivy hakucheka. Aliweka karatasi chini.

"Mama Ian, amepimwa sukari?"

"Sukari ya nini? Ni mtoto."

"Hii karatasi unafikiri naangalianga nini?"

Pauline akaitazama ile karatasi.

"Naangalia sukari. Mtoto akiwa nayo anakojoa sana, anakauka, anakonda. Ukimnyima maji unammaliza. Huku shuka ikilowa mara tatu unaniletea mtoto. Kule nani anamleta?"

Fahad alikuwa amesimama hapo katikati yao, kikopo mkononi, hajui Kiswahili, akiuliza kama anaweza kwenda darasani.

Zablon alikuwa darasani, simu imezimwa. Pauline alipiga mara ishirini. Akampigia Maryann, Maryann akapanda matatu mpaka Webuye. Alimkuta Ian kwenye kitanda chake, amelala tangu jana, anapumua haraka kama aliyetoka kukimbia, na mdomo unanuka kama matunda yaliyooza. Walikuwa wamemwacha apumzike. Walidhani amechoka. Hospitali walijaribu. Alikufa kesho yake saa nne asubuhi, wakati vijana wa Riyadh wako kwenye chai ya mapumziko.

Shule ilimpa Pauline viza ya kutoka na kurudi, na tikiti, siku hiyohiyo, ukweli usemwe. Kafili wa Elphas, yule bosi aliyemdhamini, alikuwa amesafiri na pasipoti ilikuwa ndani ya sefu yake. Baba alizika mtoto kwa simu, amekaa ndani ya gari nje ya duka kubwa Jeddah akingoja madam, mke wa bosi, amalize kununua vitu. Madam alipotoka, Elphas alimfungulia mlango, akamshikia mifuko. Madam akamuuliza kwa nini macho mekundu. Akasema vumbi.

Baada ya matanga, Zablon alileta sanduku la chuma. Nguo zote zilikuwa ndani, zimekunjwa, kila kola na kitambaa chake cha jina kilichoshonwa vizuri, hakuna hata shati moja lililopotea. Juu yake kulikuwa na barua tano. Zablon alisema, akiangalia chini, kwamba mtoto alikuwa anampa kila Jumapili atume, na yeye hakujua barua inatumwaje Saudia, akaziweka kwenye droo.

Ya kwanza iliuliza kama mama atakuja siku ya wazazi. Ya pili ilisema amepata rafiki anaitwa Alvin. Ya tatu na ya nne zilitaja maji. Ya tano ilikuwa mistari miwili, herufi zimelala upande.

"Mama sijalia. Lakini bado niko na kiu."

FUNZO

Pauline hakumchukia mtoto wake. Hiyo ndiyo inauma. Alimpenda, na akamnunulia ugumu wa watoto wa matajiri bila kununua mkono unaoangalia huo ugumu usiue. Hakujua kwamba ile mila ilikuwa salama kwa sababu ya mtu mmoja anayeamka kabla ya kengele na kugusa shuka. Mtu huyo alikuwa yeye. Alikuwa Riyadh, anagusa shuka za wengine.

Wazazi, acheni kuiga tai na kengele. Ukimpeleka mtoto mahali, jua jina la mtu atakayemgusa paji la uso akiumwa. Kama hakuna, mrudishe nyumbani. Mtoto akisema anaumwa, amini kwanza, halafu pima. Ukikuta alikuwa anadanganya, umepoteza nini? Na nyinyi wababa, ukiona kitu hakiko sawa, sema mara ya pili. Sema mara ya tatu. Usinyamaze kwa sababu mwenzako amesoma au anakaa na waliosoma.

Elphas bado anaendesha gari Jeddah. Pauline amerudi kwenye lile bweni, kwa sababu hakuna kazi nyingine anayoijua. Siku hizi kila jioni, saa kumi na moja, anapita na jagi la maji katikati ya vitanda ishirini na vinne. Mkubwa wa bweni alimkumbusha kwamba hiyo si mila ya shule. Pauline akasema anajua, akaendelea kumimina.