Antena za Anifa na Radi ya Seifu

Majirani zangu wa Ilala, na nyinyi wa mitaa mingine mnaodhani haya hayawahusu, vuteni viti tuzungumze. Habari hii imetokea katika nyumba ninayopanga mimi mwenyewe, hatua chache kutoka soko la Mchikichini, na ulimi wangu umo ndani yake. Nitafika huko, msinikimbize.

Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka nyumba yetu ilikuwa shwari. Mimi, Mama Selina muuza chapati, nilikuwa uani nakanda unga. Anifa, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa anamsuka binti yake Swaumu. Mumewe, Seifu, alikuwa amekaa barazani pekupeku anakunywa chai ya tangawizi. Ndoa yao tulikuwa tunaitolea mfano. Seifu alikuwa fundi wa kebo, yaani wale wanaopitisha waya za televisheni juu ya mabati, nyumba hadi nyumba, kutoka kwetu mpaka Kariakoo. Walipooana hawakuwa na uwezo wa kuajiri kibarua, kwa hiyo Anifa ndiye aliyemshikia ngazi na kumpa plaizi. Akajifunza kwa macho, na siku zile Seifu alikuwa akijigamba vijiweni kwamba mkewe anajua waya kuliko wafanyakazi wa kampuni.

Basi Jumapili hiyo mtu akabisha hodi barazani. "Fundi yupo?"

"Nipo, karibu," Seifu akajibu, akaanza kutafuta viatu vyake.

Aliyekuja alikuwa Beno kinyozi. Akakuna kichwa, akaangalia chini. "Samahani, kaka Seifu. Namtafuta shemeji."

Seifu akabaki na kiatu kimoja mkononi. Mimi nilimwona. Alicheka, akamwita mkewe kwa sauti ya juu kama mtu asiyejali, lakini chai yake hakuimaliza.

Niwaeleze ilivyofika hapo. Kebo ilikuwa imepanda bei mara mbili, na mimi nilikuwa wa kwanza kushindwa. Nilimwambia Anifa kwamba televisheni yangu sasa ni ya kuwekea kitambaa tu. Yeye akanunua mabomba membamba ya alumini kwa wauza vyuma chakavu, akayakata, akayafunga kwenye ubao, akapandisha juu ya bati kwa mti mrefu. Televisheni yangu ina king'amuzi ndani yake. Taarifa ya habari ikaja safi, bila kulipia. Kwa mpira na tamthilia akatuonyesha jinsi vyumba vinne tunavyoweza kuchangia intaneti moja na kuangalia kwa zamu kwenye televisheni kubwa ya uani. Chema chajiuza. Wiki ya pili walikuja watu wa mtaa wa nyuma, wiki ya tatu wa Kariakoo. Kila aliyefungiwa antena alijitoa kwenye kebo.

Seifu hakupoteza kazi kwa sababu hiyo, msinielewe vibaya. Kampuni ilikuwa na wateja wengine tele, na mapato ya Anifa yalikuwa yanaingia chungu kimoja na yake. Kilichomkera ni lile swali. Asubuhi mtu anauliza fundi yupo, yeye anasimama, anaambiwa si wewe. Mchana hivyo hivyo. Alianza kutoka kabla watu hawajaamka. Alianza kukosoa mboga. Mkewe akimwonyesha antena mpya aliyoibuni, anasema hana muda wa kuangalia vifuniko vya sufuria. Wivu wa mapenzi tunaujua, una nyimbo zake. Huu wa kumwonea mkeo wivu kwa ufundi uliomfundisha wewe mwenyewe hauna hata pa kuusemea.

Masika yakakaribia, na siku moja kwenye kijiwe cha kahawa, Seifu akapata pa kuusemea. Watu walikuwa wanazisifu antena za Anifa. Yeye akanywa kahawa yake, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayeumia kusema, "Mimi ni mume wake, kwa hiyo sitaki kumharibia. Lakini nyinyi ni ndugu zangu. Zile antena za kienyeji zinavuta radi. Mvua ikianza, mtanikumbuka."

Hapo ndipo tulipokosea sote. Angesema mshindani wake, tungemcheka. Lakini mume? Tukasema mtu hawezi kumsingizia mke wake wa ndoa, tena akila kwa jasho lake. Tukaamini kwa sababu ile ile iliyotakiwa kututia shaka.

Beno alinipa habari hiyo nikiwa jikoni. Nami niliwapa wateja wangu, chapati moja na neno moja. Na kwa kuwa neno tupu halina ladha, nikaongeza kwamba kuna nyumba huko Buguruni imeungua yote kwa ajili ya antena. Nyumba hiyo haipo. Niliijenga mimi, nikaichoma mimi, mbele ya kikaango changu, huku antena ya bure ya Anifa iko juu ya kichwa changu.

Mvua ya kwanza iliponyesha, watu walianza kurudisha antena. Wengine walizirudisha kwa adabu, wengine walizitupa barazani bila salamu. Rundo la mabomba likafika dirishani. Mwanamke mmoja alimwambia Anifa usoni kwamba alitaka kumwulia watoto. Anifa aliuliza neno hilo limetoka wapi, na hakuna aliyemjibu. Aliniuliza hata mimi. Nikamwambia watu wana maneno, mdogo wangu, nikageuza chapati.

Jioni hiyo ukuta wa chumba chao, ambao ni ukuta wangu pia, ulinisikilizisha nisichotaka kusikia. Anifa alikuwa anamwomba mumewe.

"Baba Swaumu, wewe wanakusikiliza. Wewe ni fundi. Toka uwaambie kwamba si kweli."

"Watu wakishaamini kitu hawasikii," Seifu alisema.

"Waambie hata mara moja."

Nilisikia mlango akiufunga na kutoka, kisha nikasikia Anifa akilia peke yake, na bado sikugonga.

Aliyelipia maneno yetu hakuwa yeyote kati yetu sisi wasemaji. Kariakoo alikuwepo Mzee Tulsidas, aliyekuwa na duka la vitambaa tangu sisi wasichana. Alikuwa mjane, anaishi ghorofa ya pili na binti yake Megha, na juu ya paa lake kulikuwa na antena ya Anifa. Neno la radi lilimfikia kwa mfanyakazi wake anayekula chapati kwangu. Alhamisi moja mchana wingu likafunga, radi ikaanza kunguruma upande wa bandari. Megha alikuwa kazini. Mzee akaona heri aing'oe mwenyewe kabla haijamwitia balaa. Alipanda paani na kandambili, kwenye mvua, akateleza kwenye ngazi ya chuma akiwa anashuka na antena mkononi. Alivunjika nyonga. Radi haikugusa hata tofali moja la nyumba ile.

Habari zilipofika Ilala zilikuwa zimeshageuka. Ilisemwa kwamba mzee amepigwa na radi kwa ajili ya antena. Hofu ikapanda vichwani. Ndipo mtu mmoja, sijui nani, akauliza swali ambalo Seifu hakulifikiria: kama bomba dogo linavuta radi, je, hizi waya za kebo zinazotambaa juu ya nyumba zetu zote? Si radi ikipiga Kariakoo itatembea nazo mpaka kwetu? Kesho yake, kabla ya alasiri, watu walikuwa juu ya mabati na visu na mapanga. Waya ambazo Seifu alizipitisha kwa miaka minane zilikatwa, zikaanguka barabarani, watoto wakazifanya kamba za kurukia. Kampuni ilipoona mtaa mzima hautaki tena kuiona, ilimpa Seifu barua ya kumwachisha kazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Lakini la Anifa lilikuwa zito zaidi. Ndugu za Mzee Tulsidas, pamoja na Megha, walifika ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wetu, Bi Moza, akamwita Anifa mbele ya watu. Wengine walitaka ahamishwe mtaani, wengine apelekwe polisi. Alikaa kwenye benchi amevaa baibui lake la kuendea misibani, mikono imetulia mapajani.

Bi Moza ni mwanamke wa maneno machache. Aliuliza nani alisema kwamba antena zinavuta radi. Mmoja akasema kasikia kwangu. Mimi nikasema nimesikia kwa Beno, na nikameza ile nyumba ya Buguruni. Beno akafungua kinywa, akamtazama Seifu aliyesimama mlangoni, akakifunga. Hakutaka kumwumbua mtu mbele ya mkewe.

Anifa akageuka kumtazama mumewe. Nawaapia, bado alikuwa hajui.

"Baba Swaumu," alisema, "wewe ndiye uliyenifundisha. Waambie kama ni kweli."

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni kweli, nasi tungemfukuza yule mwanamke siku ile ile, na aibu ya Seifu isingejulikana hadi leo. Alishika kizingiti cha mlango.

"Si kweli," alisema. "Antena ile haina hatari zaidi ya bati lenyewe. Aliyesema ni mimi."

"Kwa nini?" aliuliza Anifa. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama wako wawili tu.

"Watu walikuwa wanakuja kuuliza fundi. Nikitoka, wananiambia si wewe."

Anifa akasimama, akamwomba radhi Megha kwa ajali ya baba yake, ingawa hakuwa na kosa, akapita mbele ya mumewe bila kumgusa. Jioni alikuwa amekwenda Buguruni kwa mama yake pamoja na Swaumu. Mimi nilikuwa barazani alipopita na mabegi. Nilimwambia kuhusu nyumba niliyoichoma kwa mdomo. Alisema, "Najua, Mama Selina. Mama yangu anakaa Buguruni. Neno la wateja wako lilimfikia, akawa ananiuliza ni nyumba gani." Nilitamani ardhi inimeze.

Miezi mitatu Seifu alikaa na rundo lile la mabomba dirishani. Alikwenda kila wiki kumsalimia Mzee Tulsidas kitandani, shikamoo mzee, akisimama kama mtoto wa shule. Mzee alimwitikia marahaba na hakumwambia zaidi. Siku alipoweza kutembea kwa fimbo alimwambia jambo moja tu: "Nataka antena yangu irudi. Aifunge yule mama, na wewe umshikie ngazi."

Seifu alikwenda Buguruni na ujumbe huo, si na zawadi wala wazee wa kumwombea. Anifa alikuja kufunga antena. Kurudi nyumbani alirudi baadaye, kwa wakati wake, na masharti yake yalibaki siri yao.

Juzi nilikuwa barazani na Seifu, anatoboa mbao za antena kwa mashine. Kijana mmoja mgeni akasimama mbele yetu. "Habari za hapa. Fundi yupo?"

Seifu aliinua kichwa.

"Yupo," alisema, akajipangusa vumbi. "Ngoja nimwite."

FUNZO

Ndugu zangu, wivu ndani ya nyumba hauishii ndani ya nyumba. Ulianza kwa swali la mlangoni, ukaishia kwenye nyonga ya mzee wa watu aliyekuwa hana habari. Mwanamume, mkeo akikushinda kwa kazi uliyomfundisha, huo ni ushindi wako pia, na kama unakuuma, mwambie yeye kabla hujawaambia wa kijiweni. Nasi majirani, tusiamini neno kwa sababu tu limetoka kwa mtu wa karibu, maana wa karibu ndiye mwenye sababu nyingi za kuona kijicho. Radi ikinguruma, chomoa waya ukutani na ukae chini, usipande paani. Na ukisikia kwamba kuna nyumba imeungua Buguruni, uliza ni mtaa gani na ya nani, kabla hujageuza chapati.