Waya wa Mkubwa

Fundi Gordon Oluoch alikuwa amelala chali chini ya boksi jipya la stima, bisibisi ingali mkononi, na hakuna aliyekuwa na shaka kilichomuua. Ajabu ni kwamba siku ile, nyumbani kwa Mama Selpha, stima haikuwepo.

Inspekta Metrine Wepukhulu alipiga magoti kando ya maiti. Kidole gumba na kidole cha shahada vilikuwa vimeungua, ngozi imejikunja kama karatasi iliyopita motoni. Alifumba macho kidogo akamwombea marehemu kimoyomoyo, maana hakuwahi kuanza upelelezi bila kumtaja Mungu. Kisha akatoka nje kutazama nguzo.

Waya wa zamani ulikuwa umekatwa, ncha yake inaning'inia hewani. Mafundi wa kampuni ya umeme walikuwa wameukata asubuhi ili walete waya mnene zaidi, na wangerudi Jumatatu kuuunganisha.

"Kwa hivyo ameuawa na stima ambayo haipo?" aliuliza Konstebo Ooko.

"Stima ilikuwepo. Hatujajua ilitoka wapi."

Jiwe lilitua juu ya mabati, likabiringika hadi uani. Getini vijana walikuwa wanazidi kuongezeka. Walikuwa wametoka Obunga, mtaa wa marehemu, na mmoja wao alibeba dumu la petroli.

"Tupeni Robinson!" walipiga kelele. "Tupeni huyo muuaji!"

Robinson, kitindamimba wa Mama Selpha, alikuwa ndani ya Land Rover ya polisi, pingu mikononi. Kosa lake lilikuwa neno moja. Celestine, jirani anayeuza omena, alimsikia Robinson akipaza sauti kutoka nyumba yake Robinson, upande wa pili wa ua: "Fungua!" Mara moja fundi akalia, kisha kimya. Na Kisumu nzima inajua kwamba kufungua stima ni kuiwasha.

"Madam, tumtoe tumpeleke stesheni," Ooko alinong'ona.

"Tukifika getini watamtoa garini, tukimwacha hapa watachoma nyumba na yeye. Msaada umefika wapi?"

"Bado wako mjini."

Metrine alipanda nyuma ya gari akaketi mbele ya Robinson.

"Ulisema fungua?"

"Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

"Gordon."

"Awashe stima?"

"Azime, Madam! Nilitaka azime!"

"Tangu lini kufungua kukawa kuzima?"

"Tangu Gordon atufundishe. Alikuwa anatucheka tukisema fungua stima. Anasema, 'Nyinyi watu, stima haipiti kwa mlango! Mlango ukifungua, mtu anapita. Njia ya stima ukifungua, umekata, hakuna kinachopita.' Tangu aanze hii kazi tunaongea hivyo. Muulize Mama. Muulize hata Opiyo."

Opiyo alikuwa kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa kulia wa lango.

"Haya. Lakini waya umekatwa pale kwenye nguzo. Ulitaka azime nini?"

Robinson alimtazama kama mtu anayejua kwamba hataaminiwa.

"Taa yangu iliwaka."

Jiwe jingine lilipiga mlango wa gari. Metrine hakugeuka.

"Rudia."

"Nilikuwa kwangu, mwisho wa waya mpya nimeshaufunga kwa swichi. Taa ikawaka juu ya kichwa yangu. Nikajua kuna kitu mbaya, nikapiga kelele, Gordon, fungua! Ndio nikasikia amelia."

"Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Nilisema! Nani alisikia? Walikuwa wanachapa."

Metrine alirudi kwenye boksi. Kazi ya kubadilisha stima ya boma lile ilikuwa imepangwa ifanywe kidogo kidogo, kadiri Mama Selpha alivyojaliwa. Kwanza Gordon alichimbia fimbo ya shaba ardhini. Halafu akafunga boksi jipya, akahamishia humo nyaya za nyumba ya Mama na ule waya mkuukuu uliokwenda kwa Opiyo, uliovutwa na marehemu baba yao. Leo alikuwa amefika kwenye hatua ya tatu, waya mpya wa Robinson. Waya mpya wa Opiyo ungekuja mwisho.

Alizitazama nyaya zilizoingia kwenye boksi. Wa nguzo ulikuwa umekatwa. Nyumba ya Mama haikuwa na chochote cha kuzalisha stima. Wa Robinson ndio uliopokea. Ukabaki mmoja.

Alimwita Celestine, akaja na harufu ya samaki na hasira.

"Mimi nilisikia na maskio yangu, Madam! Fungua! Hivyo hivyo!"

"Nakuamini, Mama. Kabla ya hapo ulisikia nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Labda jenereta ya kanisa. Hiyo hukaa kwa Mzee Opiyo, si kitu. Jumamosi kwaya hufanya mazoezi na kinanda."

"Leo waliimba wimbo gani?"

Hasira ilimtoka Celestine usoni pole pole.

"Uwii," alisema. "Hawakuimba. Ilinguruma tu, ikanyamaza."

Opiyo aliwapokea mlangoni akiwa na Biblia kwapani. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya kuongoza sala.

"Karibu, Inspekta. Ni siku ya majonzi."

"Ni kweli, Mzee. Jenereta iko wapi?"

"Jenereta? Iko tu hapo nyuma. Haijaguswa tangu wiki jana."

Ooko alizunguka nyumba. Alirudi akipuliza vidole.

"Bomba lake bado lina joto, Madam."

"Mzee, leo kwaya haikuja," alisema Metrine. "Uliiwashia nini?"

"Nilikuwa nachaji simu."

"Simu gani?"

Metrine aliingia ndani. Kando ya soketi kulikuwa na gunia la kanzu za kwaya. Alipolifungua, katikati ya kanzu nyeupe alikuta waya uliofungwa plagi pande zote mbili, wa kutoa stima kwenye jenereta na kuiingiza ukutani, irudi kinyumenyume hadi kwenye boksi, na kwenye mkono wa yeyote aliyegusa boksi.

"Wanataka kumchoma mdogo wako," alisema Metrine. "Wasikie mwenyewe."

Nje kelele zilikuwa zimekuwa wimbo. Opiyo aliketi kitandani.

"Sikutaka kumuua Gordon. Nyasaye ni shahidi."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka taa ya Robinson iwake ikitoka kwangu. Mara moja tu."

Metrine alikuwa Mbukusu, lakini alikuwa ameishi kando ya ziwa muda wa kutosha kujua kwamba katika boma la Wajaluo mkubwa hutangulia, kupanda, kuvuna, kujenga. Anayeruka mpangilio huo huiletea nyumba chira, laana inayokula watu.

"Baba alipofariki, Robinson aliezeka mabati kabla yangu," alisema Opiyo. "Mwaka huo huo nikamzika Shantel wangu. Binti wa pekee. Watu wa kanisa waliniambia ni malaria. Hata mimi nilisema ni malaria. Lakini usiku, Madam, usiku mtu hasemi malaria. Sasa tena waya mpya unaenda kwake kwanza! Nilimwambia Gordon aanze kwangu. Akacheka, ati, 'Mzee, stima haijui mkubwa na mdogo.' Nikaona, basi, ipitie kwangu kwanza. Ikishapita kwangu, mkubwa ametangulia. Hata wafunge waya wake, hakuna kosa."

"Na Gordon akiwa kwenye boksi?"

"Mama alimwita ale. Nilimsikia akijibu, 'Nakuja.' Nikajua ameenda. Kumbe alibaki kukaza skrubu."

"Hiyo ingekuwa ajali, Mzee. Ungesema, tungekuelewa."

Opiyo aliitazama mikono yake.

"Nilizima, nikaenda mbio. Celestine alikuwa tayari anapiga kelele kwamba Robinson amesema fungua. Wakamshika."

"Na wewe ulijua neno hilo kwa Gordon lina maana gani."

"Nilijua. Nilikuwepo akiwafundisha."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Sauti ya kuongoza sala ilikuwa imekwisha, ikabaki sauti ya mtu tu. "Tangu yale mabati, Madam, kila nikimwona namwona Shantel. Nikasema ndani yangu, wacha Mungu amlipe kwa njia yake."

"Mungu hakukutuma, Mzee. Usimbebeshe hilo."

Akamfunga pingu. Akaenda garini akamfungulia Robinson zake na kumweleza yote. Mama Selpha alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono kichwani, akiwatazama wanawe wawili kama asiyejua amkimbilie yupi.

"Nipeleke getini," Opiyo alimwambia Metrine. "Niseme mwenyewe."

"Watakuua."

"Wasiposikia kwangu, hawatamwamini yeye maisha yake yote."

Metrine aliomba kimya, ombi fupi lisilo na amina, akamshika mkono wakaanza kwenda. Dumu la petroli lilikuwa limefunguliwa kifuniko. Mbele ya vijana alisimama Becky, mjane wa Gordon, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu, jiwe mkononi.

Hapo Robinson akawapita. Alitembea haraka, akasimama kati ya kaka yake na lango, mgongo wake ukimkinga.

"Robinson, rudi nyuma," alisema Opiyo. "Hii ni yangu."

"Omera, ndugu yangu, sema unachosema," Robinson akajibu bila kugeuka. "Lakini leo natangulia mimi."

Opiyo akasema. Alisema yote, kwa Dholuo, lugha ya kwao, mpaka jina la Shantel. Kijana mwenye dumu alipopiga hatua, Becky alinyoosha mkono akamzuia. Alimtazama Robinson, mtu ambaye yeye Becky alikuja amuue, kumbe ndiye aliyepaza sauti kumwokoa mumewe.

Jiwe likamponyoka mkononi, akaketi palepale mavumbini, akaanza kulia.

Vijana wakasogea kando, na Land Rover ikapita, Opiyo akiwa ndani.