Simu ya Pili ya Saa Kumi

Jumanne, tarehe 21 Novemba 2017, simu ya Mukuna huko Sandoa ililia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa saa kumi kamili alasiri. Binti yake Rachelle, aliyekuwa Kolwezi, alizungumza kwa video na wanawe wawili kwa dakika kumi na mbili, kisha akakata. Habari ya simu ya pili aliipata kesho yake.

"Mama, juu ya nini jana ulituita tena?" aliuliza Shekina, mwenye miaka minane.

"Mi? Sikuita tena."

"Uliita. Ulikuwa na matope mu kinywa."

Glodi, wa miaka minne, alisukuma uso wake mbele ya wa dada yake. "Mama anakula udongo!"

Rachelle alicheka naye. Baadaye alifungua orodha ya simu alizopiga. Ya Jumanne ilikuwa moja.

Watoto walikuwa kwa bibi yao Mukuna, waliyemwita Nkambo, tangu Septemba. Baba yao, Ngeleka, alichimba kobalti chini ya nyumba yao katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, kama majirani wengi. Shimo lilianzia chumba cha kulala, pale kitanda kilipokuwa. Tarehe 2 Septemba liliporomoka naye akiwa ndani. Mwili haukupatikana. Kisha likaja tangazo la kuuhamisha mtaa. Kila asubuhi karani alipita na orodha, akisoma majina. Asiyekuwapo mlangoni kwake kuitika alifutwa, na aliyefutwa hakupewa kiwanja kwingine. Ndiyo maana Rachelle hakwenda Sandoa. Aliwaona wanawe dirishani mwa chumba cha kulala, mahali pekee mtandao uliposhika, hatua mbili kutoka kwenye shimo.

Wachimbaji wa Kasulo wana desturi. Aliye juu huita jina, aliye chini huitika, "Niko!" Shimo likiua, marehemu huitwa mara tatu, kisha mdomo wa shimo hufunikwa kwa mbao na chumvi, na jina halitajwi tena pale. Rachelle aliita siku tisa. Siku ya tisa, kitu kiliitika. Wanaume waliteremka, wakapanda bila mtu. Alifunika mbao. Chumvi hakuweka, maana alitumaini bado.

Ijumaa Shekina alizungumza kwa kunong'ona.

"Ile Jumanne Nkambo alikuwa mu shamba. Simu ililia, Glodi akaifungua. Ulikuwa umesimama mu chumba, Mama. Ukaita jina yake. Akasema: Niko."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Halafu mi nikazima."

Nyuma ya Rachelle, chini ya mbao, sululu iligonga mwamba. Iligonga tena, polepole, na harufu ikapanda chumbani, harufu ya udongo wenye maji na jasho la mtu aliyefanya kazi kutwa bila hewa, na alipotaka kusimama aliona kwamba Shekina hamtazami yeye tena bali kitu kilicho juu ya bega lake, na mtoto akainua mkono taratibu akamfunika mdogo wake macho, na sululu ikanyamaza.

Jumamosi asubuhi, karani alipokwisha kupita, Rachelle alimwendea Mama Godelieve, mjane wa mchimbaji, aliyeongoza maombi ya mtaa. Alimkuta akichekecha unga.

"Uliita siku ngapi?"

"Tisa."

"Tisa! Hata kuku wangu anajua wakati wa kunyamaza." Kisha alisogea, akashusha sauti. "Ile pepo ulifundisha wewe kuita. Mutoto akiitika mara ya tatu, jina yake inashuka. Huku juu kunabakia ganda."

"Nifanye nini, mama?"

"Ambia batoto: mwenye kubaita na jina, haiko wewe. Halafu uniletee ile simu niizike mu chumvi. Na shimo tulifunge leo leo."

Walitafuta chumvi na misumari hadi saa kumi ikakaribia. Rachelle alikimbia nyumbani, akasimama dirishani, akapiga.

"Munisikie muzuri. Kuanzia leo sitaita tena jina yenu. Mwenye kuita jina, haiko mi. Mi nitasema tu: bana yangu."

"Mwenye kuita jina, haiko Mama," alirudia Shekina.

Chini ya mbao kulikuwa kimya. Rachelle aliona ni dalili njema.

Jioni hiyo wanawake hao wawili walimwaga chumvi shimoni, wakaomba, wakapigilia mbao misumari. Simu ilizimwa, ikazikwa ndani ya kopo la chumvi chini ya kitanda cha Godelieve.

Jumapili, saa kumi na moja na nusu jioni, Mukuna alipiga namba ya Godelieve, aliyoachiwa na Rachelle.

"Ambia Rachelle simu yake ilikatika, hata sijamusalimia."

Rachelle, aliyekuwa pale, alimnyang'anya Godelieve simu. "Mama, nani aliita?"

"Wewe! Ulisema: bana yangu, mudogo wangu iko wapi? Glodi akakimbia mbele. Akasema: Niko."

Godelieve alivuta kopo kutoka chini ya kitanda. Simu ilikuwa ndani, imezimwa, imefunikwa chumvi. Chumvi ilikuwa imelowa.

Jumatatu karani alisoma jina la Rachelle mlangoni kwake mara mbili. Hakuna aliyeitika. Akalifuta. Rachelle alikuwa juu ya lori la unga, kwenye barabara ya Sandoa.

Alifika Ijumaa, tarehe 1 Desemba. Glodi alikuwa hai. Alikula alipopewa chakula, alilala alipolazwa.

"Tangu Jumapili haitiki," alisema Mukuna. "Ni kama unaita ukuta."

Saa kumi alasiri Rachelle aliketi ndani, akampakata mwanawe, akaweka kiganja juu ya midomo yake. Aliita jina mara moja, kwa sauti ya chini. Midomo haikusogea.

"Niko," sauti ya Glodi iliitika. Mukuna na Shekina waliisikia pia. Ilitoka chini ya sakafu.