Sahani ya Hénoc

— Mama, hii sombe iko na ndagala?

Hénoc alichungulia majani ya muhogo sufuriani kama kuna dagaa, akamuuliza hivyo Mama Rosine, mwenye malewa, kibanda cha chakula, karibu na bandari. Mama Rosine akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama ziwa liko na maji.

— Papa, sombe bila ndagala ni chakula cha mbuzi.

Watu wakacheka. Mimi niliyemleta nikainamisha kichwa. Tangu tutoke asubuhi hiyo, hilo lilikuwa duka la tatu la chakula. Kwingine walituapia kwamba maharagi hayana nyama, kumbe yamechemshwa na mifupa. Hénoc hakukasirika. Aliomba bukari, yaani ugali, na parachichi, akala taratibu, akamshukuru Mama Rosine.

Alikuwa amekuja Kalemie kutoka Uvira kupima barabara. Hakula nyama wala samaki, hata yai wala maziwa. Siku nilipomuuliza sababu, alisema tangu mambo ya vita aliyoyaona Fizi, kitu cha mnyama kikifika mdomoni anasikia harufu ya damu. Sikumuuliza tena. Nilimpenda zaidi.

Basi nikaanza kumtafutia. Sokoni nilikuta mama mmoja anayekaanga mishikaki ya soja, laini ndani, yenye pilipili. Nilipata uyoga mkavu wa Niemba. Kwenye duka la biskuti, Hénoc alinionyesha neno la Kifaransa la maziwa nyuma ya pakiti. Mimi niliacha shule mwaka wa nne, lakini neno hilo nililishika. Nilikuwa nageuza pakiti moja moja mpaka mwenye duka akaniuliza kama mimi ni wa serikali.

Na mimi mwenyewe nikaanza kula hivyo. Sombe ya karanga na mawese, bila ndagala, ni tamu. Sikujua.

Tabu ilikuwa nyumbani. Kwetu, mwanaume akila bukari ndani ya nyumba ya mama ya binti, amekuwa mkwe. Hawezi kusema tena kwamba alikuwa anapita tu. Mama alimpikia Hénoc kuku, akakataa. Alimpikia samaki, akakataa. Mara ya tatu yalikuwa mayai. Kila mara alikataa kwa heshima, akanywa maji, akaenda.

— Huyu hataki kukuoa, Émérence, mama aliniambia.

— Mama, ni chakula tu. Hakuli damu.

Mama akatazama tumbo langu. Lilikuwa na miezi minne, na jirani walikuwa wameanza kuhesabu.

Nikamwandikia Hénoc ujumbe: “Jumapili saa sita uje nyumbani. Nitapika mimi. Hakutakuwa na kitu cha mnyama.”

Akajibu baada ya siku nzima: “Sawa.”

Nilinunua sufuria mpya, maana ya mama ilikuwa imeshika harufu ya samaki miaka mingi. Nilitwanga sombe mwenyewe. Mama alikaa jikoni akiniangalia, akaonja uyoga, akasema haya, tutaona.

Hénoc akaja na shati jeupe. Akanawa mikono. Nikaweka sahani mbele yake.

— Sufuria? akauliza, sauti ya chini.

— Mupya.

— Na mwiko?

— Mupya pia.

— Uliweka kidonge cha mchuzi?

— Chumvi tu, Hénoc.

Akatazama mishikaki, akatazama maharagi. Maswali yalikuwa yamemwishia. Nilimwona anatafuta lingine, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

— Kula basi, mwanangu, mama akasema.

Hénoc akaweka mikono kwenye magoti. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye vidole.

— Mama, nikikula hapa, nitakuwa nimekudanganya. Niko na bibi niliyemuoa Uvira. Na watoto wawili.

Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni.

— Na huyu? mama akauliza, akinionyesha kwa kidevu. Tumbo lake unalijua?

— Ninalijua, mama.

— Ulikuwa unangojea nini?

Mimi, ambaye mbele ya mama huwa sinyanyui sauti, nikajisikia nikiuliza:

— Na mambo ya damu? Ilikuwa uongo?

— Hapana, Émérence. Hiyo ni kweli kabisa.

Niliamini. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mwongo wa kila kitu. Alisimama, akaomba ruhusa kwa mama kama mtoto aliyelelewa vizuri, akaenda. Mama hakumsindikiza na mimi sikumfuata.

Nilitaka kumwaga chakula. Mama akanishika mkono, akanikalisha pale pale alipokaa Hénoc, akavuta kigoda karibu. Tukaanza kula sahani yake. Machozi yalikuwa yananishuka, na sombe ilikuwa tamu, nilishindwa hata kuichukia.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wake: “Nisamehe. Ulipika vizuri, nilitamani sana kukula.”

— Anasema nini? mama akauliza.

— Anasema njaa inamuuma.

— Akule kwa bibi yake.

Nikafuta namba yake, nikarudisha mkono kwenye sahani. Mama akanisogezea bukari iliyobaki yote, akatazama tumbo langu, akasema mimi sili peke yangu.