Mtindi Uliokatazwa

Jumamosi asubuhi, soko la Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, limefurika. Zornitsa, koti jekundu, skafu ya kijani shingoni, alinyoosha mkono achukue chungu cha mwisho cha mtindi wa kondoo. Mkono wa mwanamume mmoja, Yavor, ukawahi.

"Samahani dada, ni wa binti yangu. Ana uvimbe kwenye ubongo, yuko kwenye dawa kali."

"Basi ndiyo usimpe kabisa! Mwili wake hauna kinga sasa. Vijidudu hai vya mtindi vinaweza kumdhuru."

"Wewe nani, mganga wa sokoni?"

"Mimi mtafiti. Nachunguza choo cha watoto kama wako. Tunataka kujua vijidudu vya tumboni vinahusianaje na uvimbe wa kichwani."

Yavor, dereva wa tramu aliyefiwa na mke, akacheka kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi. Chungu akamwachia.

Binti yake Bilyana, miaka sita, akaingizwa kwenye utafiti. Kila wiki baba yake alipeleka kikopo cha choo cha mtoto kwa Zornitsa maabara, ndevu kanyoa, manukato kajipulizia.

"Wenzangu wanaletewa maua," Zornitsa alimtania.

"Maua hayana habari nyingi kama hiki, mpenzi."

Kamwita mpenzi, naye hakukataa. Tangu hapo simu zikawa haziishi.

Lakini sisi watu wa huku, jamani! Ukiugua, mtindi. Ukiachwa, mtindi. Mama yake Yavor aliugandisha kijijini akamtumia mwanawe, naye akamlisha mtoto kwa siri, huku akimwapia Zornitsa kwamba hathubutu. Alisahau kwamba kila wiki alikuwa akimpelekea ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Vijidudu vya mtindi vikaonekana kwenye kikopo. Zornitsa alilia, kisha akapiga simu wodini alikotibiwa Bilyana. Yavor akakaripiwa mbele ya wazazi wenzake.

"Umenichongea!" alifoka kwenye simu. "Si ungeniambia mimi kwanza?"

"Nilikuuliza mara tatu, ukaniapia!"

"Mimi ni baba yake! Ulitaka nikae tu nimtazame?"

Akakata. Miezi miwili wakanuniana, kila mmoja akiishika simu na kuirudisha mezani.

Adhuhuri moja ikaita.

"Zori."

"Yavor? Mtoto vipi?"

"Daktari amesema... Amesema sasa ale chochote anachotaka."

Zornitsa akakaa sakafuni na koti lake jeupe la maabara. Alijua maana yake: dawa zimeshindwa, mtoto hatapona.

"Ni mimi, Zori? Ni kile nilichomlisha?"

"Hapana! Mengi hatuyajui, lakini hili nalijua. Niliogopa damu yake isiingiwe na maambukizi, na hayakumpata. Uvimbe umekua wenyewe. Si wewe, mpenzi. Si wewe."

Yavor akaangua kilio. Zornitsa alimwacha alie mpaka akachoka.

"Anataka kula nini?"

"Viazi vya kukaanga. Halafu anauliza, yule shangazi wa vikopo amenuna?"

"Mwambie sijanuna. Mwambie nakuja na viazi, na nikifika siondoki tena."