Kamera Chini ya Leso

Mvua ya Khayega haijui kuchelewa. Ikifika saa tisa, au saa kumi ikijivuta sana, mawingu hujikusanya upande wa msituni na watu huanza kuanua nguo bila kuambiana. Gentrix alikuwa ameizoea kuliko kengele ya shule. Kila siku akitoka darasani alikimbia moja kwa moja hadi nyumbani kwa shangazi yake, akavua sare, akaanua nguo, akafungia vifaranga, kisha akachutama jikoni kuchambua kunde. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, Gredi ya Saba, na mikono yake haikujua kutulia.

Shangazi Pascalia alikuwa mpiga picha, tena si wa kubahatisha. Harusi, ubatizo, matanga, sherehe za shule, kote huko aliitwa yeye. Kamera yake ilikuwa ya kisasa, ya aina ile isiyo na kioo ndani, ndogo na nyepesi, yenye skrini pana mgongoni. Kwa sababu ya mvua, shangazi alikuwa na mtindo wake mwenyewe wa kuibeba. Aliivaa shingoni kwa mkanda, ikalala kifuani, lenzi ndani na skrini nje, kisha akaifunika kwa leso na kuifunga leso hiyo mgongoni, sawasawa na mama aliyempakata mtoto mchanga. Sokoni walimtania, wakimuuliza mtoto huyo ataanza kutembea lini. Naye aliwajibu kwamba hatembei, lakini ndiye anayemlisha mamake.

Nyumbani kulikuwa na sheria moja tu kuhusu kamera. Haikuguswa wakati shangazi hayupo.

Basi Jumatano moja shangazi alienda kwenye mkutano wa chama cha akina mama, na vidole vya Gentrix vikaanza kumwasha. Uani kulikuwa na kuku mwenye vifaranga tisa, na Gentrix alitaka kuwalenga kwa kugusa skrini tu, kama watu wafanyavyo kwa simu. Akaitoa kamera mkobani, akaiwasha, akagusa. Skrini haikusikia. Mwingine angeirudisha hapo hapo, lakini huyu alibonyeza menyu, akapekua, akapekua tena, hadi akaona mchoro mdogo wa kidole, na kando yake imeandikwa kwamba kimezimwa. Akakiwasha.

Lo, raha iliyoje! Alipogusa jicho la kifaranga, kisanduku kidogo cha kijani kilirukia hapo kuonyesha mahali kamera inapotazama, na alipobonyeza kitufe picha ikatoka safi. Alipiga picha hata za jogoo wa jirani. Kisha alifuta zote, akaukunja mkanda ulivyokuwa umekunjwa na kuirudisha kamera mahali pake. Alidhani amerudisha kila kitu. Kile kidole cha kwenye menyu alikisahau kabisa.

Jumamosi ilikuwa siku ya Rasoa, ambaye kijiji kizima kilimwita Kukhu, yaani bibi. Mama huyo mzee aliishi chini ya mteremko, karibu na mto, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja watoto wake wote sita walikuwa nyumbani pamoja. Kitinda mimba wake, Masinde, alifanya kazi ng'ambo, naye angeondoka Jumapili saa sita kwenda Kisumu kupanda ndege. Kukhu alitaka picha moja tu: yeye kwenye kiti, na watoto wake sita nyuma yake. Msumari ulikuwa umekwisha kupigiliwa ukutani, na fremu tupu ilikuwa inaning'inia ikingoja. Alimwambia shangazi waziwazi kwamba hajui kama Mungu atamjalia kuwaona tena wote kwa mpigo.

Watoto hao, wengine wenye mvi, walipangwa kuanzia kifungua mimba hadi wa mwisho, migomba ikiwa nyuma yao. Kukhu alikataa kutabasamu, akisema picha si mchezo. Manyunyu yakaanza. Gentrix alishika mwavuli, na shangazi akawa anachungulia kwenye kidirisha cha juu ya kamera, anapiga picha mbili tatu, anairudisha kamera chini ya leso, anamweka mtu sawa, anaitoa tena. Leso ilikuwa imelowa. Kamera ilitoa mlio wake mdogo wa kuonyesha kwamba mambo ni shwari, na kwenye skrini ile, bila kuzikuza, picha zilionekana safi. Wakaaga.

Kazi ya kuchapisha picha ilifanyiwa kwa Clifford. Kijana huyu alikuwa fundi wa simu pale sokoni, mwenye kompyuta, mashine ya kuchapisha, na subira isiyo ya kawaida. Ni yeye aliyemtayarishia shangazi kamera siku alipoinunua, na ni yeye aliyemsafishia lenzi Jumanne iliyopita. Alizifungua picha na kuzikuza.

Migomba ilionekana vizuri ajabu. Ungeweza kuhesabu michaniko ya kila jani. Lakini nyuso za watu zilikuwa na ukungu, za wote saba, na ya Kukhu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Clifford akafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote zilikuwa vile vile.

"Clifford, lenzi yangu uliifanya nini?" shangazi aliuliza.

Clifford akasema aliipangusa tu kwa kitambaa chake laini, kama siku zote. Shangazi hakumsikia. Hasira zilikuwa zimempanda, na aibu ya kukutana na Kukhu ilikuwa imeanza kumtafuna. Akasema, mbele ya wateja waliojaa mlangoni, kwamba mtu akiacha kitu chake kwa Clifford na akiage kabisa. Mama mmoja aliyekuwa amekabidhi simu yake akanyoosha mkono taratibu na kuiomba, akidai atarudi siku nyingine. Clifford alianza kupanga bisibisi zake ndogo mezani, na zilikuwa tayari zimepangwa.

Gentrix alikuwa amesimama pale pale na mwavuli unaodondoka maji. Mchoro wa kidole ulimjia akilini. Maneno yalimfika kooni. Akayameza.

Jioni ile shangazi hakula. Alikaa ameshika tama, akijiuliza kwa sauti atamwambia nini yule mama mzee. Gentrix alijiambia kwamba hakuna aliyemwona, na kwamba Clifford ni mtu mzima, atajitetea mwenyewe. Tena alijiambia huenda kidole kile hakihusiki na lolote. Kila akijiambia hivyo aliziona zile bisibisi zikipangwa upya, naye akajiona mbaya.

Jumapili asubuhi alikuwa akifagia uwanja wakati shangazi alipotoka ndani amevaa nguo za kanisa. Uso wake ulikuwa umenyong'onyea. Alisema anapitia kwa Kukhu kwanza, akamwambie kwamba hakuna picha. Gentrix akaachia ufagio.

"Shangazi, Clifford hajaharibu kitu. Ni mimi niliyeigusa kamera."

Akasema yote bila kupumua: kuku, vifaranga, menyu, kidole, hata jogoo wa jirani. Shangazi aliketi kwenye kigoda cha jikoni. Akauliza swali moja. Alitaka kujua kama jana, pale dukani, Gentrix alikuwa amekumbuka jambo hili. Gentrix akaitikia kwa kichwa, na machozi yakamtoka.

"Vaa viatu," shangazi alisema. "Unaenda kumwambia Clifford, si mimi peke yangu."

Clifford aliishi nyuma ya duka lake. Alimsikiliza Gentrix bila kumkatiza, akaichukua kamera na kufungua menyu. Akasema kidole kile alikizima kwa mkono wake siku kamera iliponunuliwa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukishuku. Na sasa kilikuwa kimewashwa. Akalenga bango la duka la jirani, akapiga picha, akaikuza. Ilikuwa safi. Akajikuna kichwa, kisha akamwomba shangazi aivae kamera kama aivaavyo kazini.

Shangazi akaivaa na kufunga leso. Clifford akamwambia aitoe, achungulie kwenye kile kidirisha cha juu. Kisanduku cha kijani kilikuwa katikati, mahali pake. Clifford akachota maji kidogo, akailowesha leso, akamwambia aifunike kamera tena na kutembea hatua kumi. Safari hii shangazi alipochungulia, aliguna. Kisanduku kilikuwa kimekimbilia pembeni kabisa, juu kushoto.

"Nguo iliyolowa, kwa skrini hii, ni kidole," Clifford alieleza. "Jana ulitazama watu, hukukitazama kisanduku, na kila ulipoitoa kamera kifuani, ilikuwa imeshaambiwa itazame pembeni, kule kwenye migomba. Lenzi yako ni nzima."

Alikizima kile kidole kwa kubonyeza mara mbili tu. Kisha akamwonyesha shangazi kwamba skrini yenyewe hugeuka, kwamba akiibeba kamera anaweza kuifunga itazame ndani, mgongo wake ukiwa nje, hata mvua ikinyesha kutwa isipate pa kugusa. Shangazi alitazama chini. Alimwomba Clifford msamaha, akaongeza kwamba jina lake amelichafua mbele ya watu, na mbele ya watu atalisafisha. Clifford akasema hayo yatakuwa baadaye, kwani saa tano ilikuwa imepita na Masinde alikuwa akiondoka saa sita.

Waliushuka mteremko nusu wakikimbia, viatu vya kanisani vya shangazi vikijaa tope. Walikuta mkoba wa Masinde umeshatolewa mlangoni. Shangazi hakuzunguka. Alisema picha za jana zimeharibika zote, naye anaomba kurudia. Kukhu Rasoa akauliza kosa lilikuwa la nani.

Gentrix alitamani ardhi ipasuke. Hata hivyo alipiga hatua mbele, akasema ni lake. Kukhu alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha akawaambia watoto wake wajipange, na Gentrix asimame karibu ajifunze.

Kabla ya kupiga, shangazi alimnyooshea Gentrix kamera. Gentrix akapitisha kidole gumba juu ya skrini, kushoto, kulia, juu, chini. Kisanduku hakikusogea. Akasema haisikii tena. Shangazi akaifunga skrini itazame ndani, akachungulia kwenye kidirisha. Kukhu akaukaza uso wake wa picha si mchezo, na Masinde, kutoka nyuma, akamwambia mamake kwamba hajawahi kumwona bibi harusi akirudia picha siku mbili mfululizo. Kukhu akacheka mpaka bega likatikisika, na shangazi hakuiacha nafasi hiyo ipite.

Mara hii shangazi hakuaga haraka. Aliifungua skrini, akaikuza picha, akatazama uso mmoja baada ya mwingine huku Gentrix akitazama naye. Macho saba mara mbili, yote yakionekana sawasawa. Kila kunyanzi la Kukhu lilikuwapo. Masinde akapanda pikipiki akiwa amechelewa dakika chache tu, akipunga mkono hadi kona ikamficha.

Jumatatu, saa ya soko kujaa, shangazi alisimama mbele ya duka la Clifford na kusema kwa sauti kwamba alimsingizia, na kwamba kijana huyu ndiye aliyeiokoa kazi yake. Yule mama wa simu alikuwa katikati ya umati akinunua nyanya. Alilipeleka kapu lake hadi kwenye meza ya Clifford na kuitoa ile simu.

Jioni walimpelekea Kukhu picha yake. Alilalamika kwamba pengo lake linaonekana kwa watu wote, kisha akaitia katika fremu mwenyewe na kukataza mtu yeyote kuishusha. Wakiwa njiani kurudi, Gentrix aliuliza kama shangazi bado amekasirika.

"Kuwasha kile kidole lilikuwa kosa dogo," shangazi alisema. "Clifford alilimaliza kwa kubonyeza mara mbili. Lililoniuma ni kwamba ulimwona mtu anabebeshwa mzigo wako ukanyamaza. Na mimi nina langu, maana nililaumu kabla ya kuuliza. Lakini ulisema ukweli wakati bado unaweza kusaidia mtu, mwanangu. Ungengoja mpaka jioni, Masinde angekuwa hewani na Kukhu angebaki na msumari wake. Ukikosea, sema mapema."

Tone la kwanza likaanguka, kisha la pili. Mvua ilikuwa imefika. Shangazi akasimama, akavua mkanda wa kamera shingoni mwake na kuuvika shingoni mwa Gentrix. Gentrix akaigeuza skrini itazame ndani bila kuambiwa, na shangazi akaifunika kwa leso na kuifunga fundo mgongoni.

"Haya, mbebe mtoto," akasema, "na usikimbie."